Mkalimani Husema "Mimi"

Katika miaka yangu ya kazi nimekiri kuiba mbuzi, nimekana kuiba mbuzi, nimeomba talaka, nimepinga talaka hiyohiyo muda mfupi baadaye, na nimejifungua watoto kadhaa. Yote hayo niliyafanya nikiwa nimesimama mahali pamoja, kushoto kwa kizimba cha mashahidi, katika mahakama za Garissa. Nilikuwa mkalimani: Kisomali kwenda Kiswahili, Kiswahili kwenda Kiingereza, na kurudi. Nimestaafu juzi, kabla ya umri wa lazima, kwa sababu koo limechoka kuliko viungo vingine. Wenzangu vijana mliobaki pale mmeniomba niandike yatakayowafaa. Nitajaribu. Ya vyeo na mishahara mtayakuta wenyewe, na hayasisimui.

Sikuisomea kazi hii. Nilimaliza shule ya upili, nikauza vipuri vya pikipiki Wajir, halafu nikasikia mahakama inatafuta mtu anayejua lugha tatu na anayeweza kusimama muda mrefu. La pili nililiweza tayari. Kiingereza cha sheria nilijifunza kutoka vitabu vya kesi za zamani vilivyokuwa stoo, ambavyo vilitumika kuzuia milango isipigwe na upepo. Ijumaa nilikuwa nachukua kimoja nyumbani na kuweka jiwe mahali pake. Hakuna aliyelalamika. Jiwe lilifanya kazi nzuri zaidi.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Bashir, mkalimani aliyekuwa pale kabla ya jengo lenyewe kupakwa rangi. Kesi ilikuwa ya mchungaji aliyeshtakiwa kwa wizi. Alieleza kwa Kisomali kwamba alimchukua mbuzi huyo akidhani ni wake. Nikamgeukia hakimu nikasema, "Anasema alimchukua mbuzi."

Mzee Bashir akanivuta shati. "Nani anasema?"

"Huyu hapa."

"Na wewe ni nani?"

"Mkalimani."

"Mkalimani hayupo. Aliyepo ni yule anayesema. Rudia, useme mimi."

Nikasimama vizuri nikatangaza mbele ya watu wote, "Mimi nilimchukua mbuzi." Nyuma ya chumba alikuwa ameketi mjomba wangu, aliyekuja kwa kesi ya kiwanja. Kufikia magharibi habari zilikuwa zimeshamfikia mama yangu kwamba nimekiri wizi siku ya kwanza ya kazi. Alinisubiri mlangoni.

"Mbuzi wa nani?" aliniuliza. Hilo tu ndilo alilotaka kujua.

Kanuni ya Mzee Bashir si ya madoido. Ukisema "anasema, anasema," kumbukumbu za kesi hujaa watu wasiojulikana, na wewe mwenyewe unapata mahali pa kujificha. Ukisema "mimi," huwezi kumpunguzia shahidi ukali wala kumwongezea akili. Akitukana, unatukana. Akijichanganya, unajichanganya, na unavumilia uso wa wakili anayekutazama kana kwamba uongo ni wako. Mzee Bashir alikuwa na kanuni nyingine ndogo ndogo: usinywe chai ya upande wowote, hata kama upande huo ni shangazi yako, inua mkono shahidi anapopitiliza, kabla hujasahau mwanzo, na kwa kuwa katika mji huu kila mtu ni binamu wa mtu, mwambie hakimu udugu wako mapema, kabla mwingine hajamwambia.

Baadaye nilipelekwa kwenye mahakama za kuhamahama, Dadaab na kwingineko, ambako ndiko nilikojifunza kusema kama mwanamke. Si kwa kubadilisha sauti. Aliyewahi kufanya hivyo alirudishwa masjala. Unasema kwa sauti yako ya kawaida, maneno ya shahidi kama yalivyo. Mara ya kwanza niliposema, "Nilikuwa na mimba ya miezi saba aliponisukuma," askari wa zamu alitoka nje kucheka. Yule mama aliyeyasema hakucheka, wala hakimu. Baada ya hapo nilikuwa nikiangalia meza tu, na ninawashauri mfanye hivyo. Meza haina maoni.

Sasa nifike kwenye kesi ambayo mnaniuliza kila mara, kwa sababu vijana wa mjini wanaisimulia vibaya.

Habiba alikuwa mama wa hapa Garissa, mwuzaji wa maziwa ya ngamia. Wazazi wake walizaliwa hapa, na wazazi wao pia. Aliolewa na mkimbizi kutoka Somalia, mtu mtaratibu aliyekuwa na kibanda cha nguo katika kambi moja ya Dadaab, wakazaa. Binti yao mkubwa, Nasra, alimaliza kidato cha nne vizuri na kuitwa chuo cha uuguzi ng'ambo ya Mto Tana. Ili asajiliwe chuoni alihitaji kitambulisho cha taifa. Hata kufika chuoni penyewe alikihitaji, maana darajani kuna kizuizi, na askari wa pale hawasomi barua za vyuo.

Katiba inasema mtu huwa raia kwa kuzaliwa ikiwa mama au baba yake ni raia. Hilo liko wazi na limeandikwa kwa sentensi fupi. Lakini chini ya Katiba kulikuwa na kanuni ya usajili, chini ya kanuni kulikuwa na dirisha, na nyuma ya dirisha kulikuwa na karani aliyetaka kitambulisho cha baba. Nasra hakuwa nacho. Kabla ya dirisha alikuwa amepita mbele ya kamati ya wazee wanaowapiga msasa waombaji. Walimtaka ataje nasaba yake, akaitaja bila kukosea, baba kwa babu, hadi majina yakavuka mpaka. Huko ndiko alikoachwa.

Basi Habiba akaenda Mahakama Kuu na binti yake kuomba kanuni ile ibatilishwe, kwa hoja kwamba inambagua mwanamke: mwanamume wa Garissa aliyeoa mkimbizi watoto wake walipata vitambulisho, na mwanamke wa Garissa aliyeolewa na mkimbizi wa kwake hawakupata. Walisaidiwa na wakili wa kike kutoka Nairobi, kijana, mwepesi wa kusoma na mzito wa kustahimili joto.

Kesi za namna hii mara nyingi huenda kwa karatasi tu, lakini jaji aliagiza mashahidi waje wahojiwe. Hapo ndipo nilipoingia mimi. Hatukuanza mara moja. Iliahirishwa kwa sababu faili lilikuwa Nairobi. Kisha ikaahirishwa kwa sababu faili limerudi lakini wakili wa serikali yuko Nairobi. Kisha ikaahirishwa kwa ajili ya baba. Baba huyo, ambaye kitambulisho chake ndicho kilichotakiwa, alihitaji kibali cha kutoka kambini ili aje kueleza kwamba hana kitambulisho. Kibali hakikutoka. Wakati huo wenzake Nasra walikuwa wameshaanza masomo, na mkuu wa chuo alikuwa ameandika kwamba atamshikia nafasi mpaka mkupuo unaofuata wa wanafunzi, si zaidi. Kila tulipoahirisha, Nasra alikuwa anamtazama karani akiandika tarehe mpya kama mtu anayetazama maji yakimwagika.

Siku ya kusikilizwa, Habiba alipanda kizimbani asubuhi. Wakili wa serikali alishangaa kwamba anahitaji mkalimani, kwa kuwa amemsikia sokoni akiongea Kiswahili.

"Kiswahili changu ni cha kupatana bei," alisema Habiba kwa Kisomali. "Jambo la mtoto siliweki kwenye lugha hiyo."

Nikalifasiri hilo, nikiwa mimi ndiye mwenye Kiswahili cha kupatana bei, na tukaendelea.

Wakili wa serikali hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kazi ya kufanya na aliifanya. Alionyesha kwamba jina la Habiba halifanani hata kidogo na majina ya binti yake. Mnajua kwamba kwetu mwanamke haachi jina la baba yake akiolewa. Mtoto huchukua la baba, la babu, na mama hubaki na yake. Kwa hiyo kwenye karatasi mama na mwana huwa kama watu waliokutana kituo cha basi.

"Sasa, mahakama itajuaje kwamba huyu ni mwanao?" aliuliza.

"Nilikuwepo alipozaliwa," alisema Habiba.

"Nilikuwepo alipozaliwa," nilisema mimi, na ndevu zangu.

"Nauliza una uthibitisho gani."

"Uchungu ulianza wakati wa kukamua. Nilimaliza kukamua kwanza. Mimi ndiye mama yake. Mkitaka, muulizeni mtu mwingine aliyekuwepo, lakini yeye alikuwa amelala miguuni pangu na hakumbuki."

Nasra, aliyeketi benchi la mbele, alijifunika uso kwa mtandio. Jaji aliandika. Alikuwa mwanamke wa makamo ambaye hakuchekacheka ovyo, na sifa hiyo alikuwa nayo mpaka saa za chai.

Baada ya mapumziko aliitwa shahidi wa serikali, Mzee Gedi, mmoja wa wale wazee wa kamati. Alikuja na bakora yake na ndevu zilizopakwa hina, akaapa kwa Msahafu, akakataa kuketi. Aliulizwa anamtambuaje Mkenya.

"Mimi ni mzee wa kamati," alieleza. "Namuuliza kijana jina lake, la baba yake, la babu yake, mpaka wa kumi. Akifika huko nimeshajua ni nani, na wazee wake walichimba kisima gani."

Nikaanza kufasiri. "Mimi ni mzee wa kamati..."

Bakora ikagonga sakafu. Mzee Gedi alielewa Kiswahili cha kutosha kujua kwamba amenyang'anywa cheo. "Adeer," aliniambia. Neno hilo kwetu kijana humwita ami yake, na ami naye humrudishia kijana. "Adeer, mzee wa kamati ni mimi. Wewe ni kijana wa korti."

Kanuni ni kanuni. Nikamgeukia jaji nikasema, "Adeer, mzee wa kamati ni mimi. Wewe ni kijana wa korti."

Jaji alifikiri kidogo. "Iandikwe," alisema, "kwamba shahidi hakuwa akimwambia jaji."

Ilipofika zamu ya wakili wa Habiba, Habiba alimwita kwa kidole akamnong'oneza kwa kile Kiswahili cha kupatana bei. Wakili alimtazama, akauliza jambo, akatazamwa tena. Kisha akasimama.

"Mzee, una ngamia?"

Alikuwa ameonywa asiulize wangapi. Kumuuliza mfugaji idadi hadharani ni kama kumwambia avue kanzu.

"Ninao, alhamdulillahi."

"Dume la jirani likimpanda jike lako, ndama ni wa nani?"

"Wangu."

"Hata kama dume limetoka ng'ambo ya mpaka?"

"Dume ni la kupita tu," alisema Mzee Gedi, na hapo alikuwa amesahau kwamba yuko mahakamani, maana ameulizwa jambo analolipenda. "Ndama humfuata mama. Hata ukoo wa ngamia tunauhesabu kwa mama. Huyu ni wa yule, yule ni wa yule, mpaka ngamia jike aliyetolewa mahari enzi za babu yangu. Madume nani anayahesabu?"

Wakili wa serikali alisimama. "Mheshimiwa Jaji, napinga. Mlalamishi si ngamia."

Ni wajibu wangu kuwafasiria wahusika kila kinachosemwa. Nikamgeukia Nasra na mama yake. "Mlalamishi si ngamia."

"Angekuwa ngamia angeshavuka daraja," alisema Habiba.

"Amesema nini?" jaji aliuliza.

Nikamwambia. Watu wa nyuma walicheka mpaka karani akaita utulivu. Mzee Gedi hakucheka, wala hakukasirika. Alimgeukia Habiba akazungumza naye kama mtu anayezungumza na jirani ukutani. "Binti yangu, ngamia hatoi diya mtu akiuawa. Mtoto wa mtu ana ukoo utakaombeba siku ya shida, na ukoo huo ni wa baba. Mimi sikuutunga. Niliukuta."

Nilifasiri hilo kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu lilikuwa kweli, na mnapaswa kufasiri ukweli wa upande wa pili kwa nguvu ileile.

Wakili akangoja jaji amalize kuandika. Halafu akauliza jambo ambalo Habiba hakumnong'oneza.

"Mama yake Nasra unamfahamu?"

"Habiba? Baba yake ndiye aliyenifundisha kuwatia ngamia alama kwa moto."

"Ni Mkenya?"

"Kama mimi."

"Nasra alipokuja mbele ya kamati, mlimuuliza habari za mama yake?"

Mzee Gedi alimtazama kwa mshangao, bila hila yoyote, kama mtu aliyeulizwa kwa nini hatumwagii mchanga maji.

"Hatuulizi habari za mama," alisema.

"Hatuulizi habari za mama," nilisema mimi. Nililisema kwa sauti ileile niliyoitumia asubuhi kusema "Mimi ndiye mama yake," maana nina moja tu. Kalamu ya jaji ilisimama. Wakili alisema hana swali zaidi.

Hukumu ilisomwa baada ya kusogezwa mara mbili. Ilisomwa kwa Kiingereza, nami nikakaa kati ya Habiba na Nasra nikiwafasiria kwa sauti ya chini. Jaji alisema Katiba imeshasema "mama au baba," na kanuni iliyo chini yake haina uwezo wa kufuta nusu ya sentensi. Alisema usalama wa mpaka ni jambo zito, lakini haujaonyeshwa unavyolindwa kwa kumkataa binti wa mwanamke ambaye shahidi wa serikali mwenyewe anamjua tangu utoto. Kanuni ikabatilishwa kwa kadiri ilivyomtenga mama, na ofisi ikaamriwa ipokee maombi ya Nasra bila kuchelewa. Ngamia hakutajwa popote. Vijana wanaosema ngamia ndiye aliyeishinda kesi hawajaisoma. Nami ninawasihi msome hukumu kabla ya kuzisimulia, hata kama ngamia ananoga zaidi.

"Amesema niende lini?" Nasra aliniuliza.

Jaji hakuwa amesema, na mkalimani haongezi. "Muulize wakili wako," nikamjibu. Wakili akamwambia kesho.

Nje, chini ya ukuta wenye kivuli, Mzee Gedi alikuwa akinisubiri.

"Adeer, wamesema nini? Kwa ufupi."

"Wamesema muulize na mama."

Aliitazama bakora yake. "Mama wote tunawajua," alisema. "Hatukuwahi kuambiwa tuwaulize." Kisha akauliza kama serikali itakata rufaa. Nikasema sijui, na kwamba hata ningejua nisingemwambia. Alikubali kwamba hilo ni jibu la mtu wa korti.

Sikwenda kwao kuuliza yaliyofuata, kwa kuwa mkalimani hamfuati shahidi nyumbani. Lakini maziwa nilinunua kwa Habiba kabla ya kesi na sikuona sababu ya kuacha serikali ilipokosa kukata rufaa. Asubuhi moja, akinipimia, alinieleza mwenyewe.

Walikuwa wameamkia ofisini, yeye na Nasra, wakiwa na nakala ya hukumu yenye mhuri. Karani wa dirishani aliisoma yote, jambo ambalo Habiba alilisifu. Akapiga simu. Akatoka, akarudi, akaketi.

"Akaniambia, 'Haya, mama, leta kitambulisho chako.'"

"Ukampa?"

"Nimpe nini, walaal, ndugu yangu? Nimekuwa nikienda pale tangu msichana amalize shule. Wameniomba cha mume, cha babu yake mume, cha chifu. Changu hakuna aliyewahi kukitaka. Kilikuwa nyumbani, ndani ya sanduku, chini ya nguo za Idi." Alimimina, akasubiri povu lishuke, akaongeza kidogo. "Nasra akaanza kulia pale pale. Karani naye anatazama saa, anasema tuje wiki ijayo."

"Mkaondoka?"

"Nasra nilimketisha mbele ya dirisha, asitoke hata kwa maji. Yule karani nikamwambia, mwanangu, nyinyi mmenisubirisha mpaka nimeota mvi. Leo ni zamu yako. Keti hapo, dirisha liache wazi, mama anakwenda kuleta kitambulisho."

"Akakaa?"

Habiba alifunga kifuniko cha dumu langu na kunikabidhi.

"Nasra ana kipindi saa hizi," alisema. "Wanafunzwa kuchoma sindano. Nani anafuata?"